Somo la Nne: Nusu ya Betri Si Nusu ya Safari

Somo hili limekusudiwa kwa mlaji anayefikiria kununua pikipiki au baiskeli ya umeme, au aliyekwisha kuinunua na sasa anashangaa kwa nini haimfikishi pale alipoahidiwa. Mifano yake imechukuliwa katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, kwa sababu huko mambo mengi yanayoimaliza betri hukutana mahali pamoja: barabara kuu ya lami yenye magari ya kasi, njia za mchanga na za mbuga, mizigo ya alizeti, kuku wa kupelekwa sokoni, na upepo ambao kila mgeni wa Singida huukumbuka. Msomaji wa Manyoni au wa Kondoa atabadilisha majina ya vituo tu. Hesabu ni ileile.

Swali ambalo karibu kila mnunuzi huuliza dukani ni hili: "Ikijaa inakwenda kilomita ngapi?" Muuzaji hujibu kwa namba moja, mara nyingi ile iliyochapishwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Namba hiyo si lazima iwe ya uongo. Kwa kawaida hupatikana kwa dereva mmoja asiye na abiria wala mzigo, kwa mwendo wa taratibu usiobadilika, kwenye njia tambarare, na kwa betri mpya. Tatizo ni kwamba hakuna bodaboda anayefanya kazi katika hali hiyo, na asiyefanya bodaboda naye hubeba mtoto, mahindi au jirani.

Mwenye pikipiki ya petroli akikosea hesabu kwa kilomita 10, hununua chupa moja ya petroli kijiji kinachofuata na safari ikaendelea. Umeme hauuzwi kwa chupa. Katika miji kama Kigali, ambako kampuni ya Ampersand ilianza shughuli zake mwaka 2019, dereva hupita kituoni, huacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache. Mlaji asiye na kituo cha namna hiyo karibu naye hutegemea betri moja na soketi ya nyumbani kwake. Kwake yeye, kukosea kilomita 10 ni kusukuma chombo gizani kando ya barabara ya malori, pengine akiwa na abiria mgonjwa.

Kusoma kibao cha betri

Kabla ya kuuliza kilomita, uliza ujazo. Betri ina ujazo kama tangi lilivyo na ujazo, na ujazo huo hupimwa kwa wati-saa, kwa kifupi Wh. Juu ya betri utakuta namba mbili: volti (V) na ampia-saa (Ah). Zizidishe. Betri ya volti 72 na ampia-saa 40 ina Wh 2,880. Betri ya baiskeli ya volti 36 na ampia-saa 10 ina Wh 360. Wh 1,000 ni sawa na uniti moja ya LUKU, kwa hiyo ile ya kwanza inabeba karibu uniti tatu na ya pili inabeba kidogo zaidi ya theluthi moja ya uniti.

Muuzaji akikutajia volti peke yake, hajakuambia kitu. "Hii ni ya volti 72" ni sawa na kusema tangi lina mdomo mpana. Hali kadhalika, wati za mota zinaeleza nguvu ya kuvuta, wala hazielezi umbali. Mota kubwa juu ya betri ndogo hukupa raha fupi.

Uliza pia betri ni ya aina gani. Ziko za asidi na risasi, ndugu wa betri ya gari, na ziko za lithiamu. Za asidi ni rahisi kununua lakini ni nzito: betri sita za volti 12, ampia-saa 20, zikiunganishwa, hufika kilo 40 hivi na kubeba Wh 1,440 tu, na zikivutwa kwa nguvu hutoa pungufu ya zilichoandikiwa. Betri ya lithiamu ya ujazo huohuo huwa na uzito wa chini ya nusu yake. Tofauti hii itarudi tena tutakapozungumzia utunzaji, kwa maana kinachoihifadhi betri ya aina moja huiharibu ya aina nyingine.

Safari ya Ikungi hadi Singida mjini

Tuchukue mfano wa dereva mwenye pikipiki ya umeme yenye betri mpya ya Wh 2,880. Anaishi Ikungi na leo anampeleka abiria Singida mjini. Tuchukulie njia nzima, kupitia Puma, ni kilomita 36. Ni asubuhi ya kiangazi, na upepo wa msimu huo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Akielekea mjini, yaani kaskazini, upepo unamsukuma mgongoni na ubavuni. Anakwenda mwendo wa wastani, na pikipiki inatumia Wh 30 kwa kila kilomita. Anafika akiwa ametumia Wh 1,080. Kioo kinamwonyesha asilimia 62.

Hapa ndipo kosa linapozaliwa. Dereva anajiambia: nimetumia asilimia 38 kuja, nitatumia 38 kurudi, zitabaki 24. Anachukua safari mbili tatu za mjini kwa sababu zipo na zinalipa. Au hachukui hata moja. Tuseme ni mtu mwangalifu, ananunua dawa, anakula, kisha anageuza. Upepo wa mchana umekaza, na sasa unamjia usoni. Jua linashuka, anataka kuwahi, anakwenda kilomita 60 kwa saa. Matumizi yanapanda hadi Wh 50 kwa kilomita. Kilomita 36 mara 50 ni Wh 1,800, na alizobaki nazo ni 1,800 kamili. Anafika mlangoni na betri tupu, ikiwa kila kitu kimekwenda sawa.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, betri ileile imechakaa na inabeba asilimia 80 ya ujazo wake wa awali, yaani Wh 2,304. Kioo bado kinaandika 100 kila asubuhi, kwa sababu asilimia ni sehemu ya kilichopo, si ya kilichokuwapo. Safari ni ileile, mkono ni uleule. Anatoka mjini na Wh 1,224, anazitumia kwa Wh 50 kila kilomita, na chombo kinazima baada ya kilomita 24 na nusu. Amekwisha kuipita Puma. Mbele yake zimebaki zaidi ya kilomita 11.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu, mwendo. Turudie safari ya betri mpya, lakini wakati wa kurudi dereva asizidi kilomita 40 kwa saa. Matumizi yanashuka hadi Wh 36 hivi kwa kilomita, na anaingia Ikungi akiwa na asilimia 17 mkononi. Gharama yake ni muda: kilomita 36 kwa mwendo wa 60 ni dakika 36, na kwa mwendo wa 40 ni dakika 54. Amelipa dakika 18. Mwenye betri iliyochakaa, hata akienda 40, atapungukiwa kwa kilomita mbili hivi. Huyo hana budi kuchomeka chaja mjini wakati anakula. Chaja ya ampia 10 kwa nusu saa humwongezea takriban Wh 350, ambazo ni kilomita tisa au kumi za mwendo wa taratibu. Kwa hiyo chaja hupaswa kusafiri pamoja na pikipiki, na anayesahau chaja nyumbani amesahau nusu ya chombo chake.

Hesabu hizi ni za mfano. Pikipiki yako itakuwa na namba zake, na baadaye tutaeleza jinsi ya kuzipata. Lakini umbo la tatizo halibadiliki: kwenda na kurudi havigharimu sawa.

Kwa nini mwendo na upepo vinakula namna hii

Chombo kinachotembea hushindana na mambo mawili makubwa. La kwanza ni msuguano wa tairi na ardhi, ambao haubadiliki sana ukiongeza mwendo. La pili ni hewa, na hiyo haina huruma. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa hukusukuma nyuma kwa nguvu mara nne. Kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, nguvu ya hewa huongezeka zaidi ya mara mbili, na ndiyo maana matumizi kwa kilomita yanaweza kupanda kwa nusu nzima au zaidi.

Upepo wa usoni ni mwendo usiolipwa. Ukienda 40 na upepo wa kilomita 20 kwa saa unakujia usoni, hewa inakusukuma kama mtu anayekwenda 60 siku tulivu, lakini bado unafika kwa mwendo wa 40. Siku ya upepo, basi, punguza mwendo zaidi. Wengi hufanya kinyume: chombo kikionekana kizito, huzidi kuvuta resi.

Upana wa mzigo nao una hesabu yake. Watu huogopa kilo na kusahau upana. Gunia la alizeti la kilo 60 lililofungwa vizuri nyuma ya dereva, kwenye lami tambarare, huongeza matumizi kidogo kuliko inavyodhaniwa. Tenga la kuku, ambalo ni jepesi kuliko gunia, hutanuka pande zote mbili na kuushika upepo kama tanga la jahazi. Mwenye kupeleka kuku mjini afunge matenga kwa urefu nyuma yake badala ya kuyatandaza kwa upana, na kuku nao wapate hewa. Kilo hudai malipo yao kwingine: kwenye kila kuondoka na kwenye kila mlima. Kuinua chombo, mtu na mzigo wa jumla ya kilo 250 kwa kimo cha mita 100 huhitaji Wh 68, na ukiongeza kinachopotea kwenye mota hufika 85 hivi. Hizo ni zaidi ya kilomita mbili za njia tambarare. Kupakia mshikaki ni kosa la usalama kwanza, lakini hata asiyejali usalama ajue kwamba abiria wa pili hulipiwa na betri.

Kuhusu mkono wa dereva: ondoka taratibu, achia resi mapema unapoona tuta au kituo mbele, acha chombo kijiviringishe. Baadhi ya pikipiki hurudisha umeme kidogo betrini wakati wa kupunguza mwendo, lakini usijenge safari juu ya kidogo hicho. Dereva anayevuta resi kwa nguvu kisha akashika breki kila mita 200 ananunua mwendo na kuutupa, ananunua tena na kuutupa.

Mchanga, mbuga na upepo wa tairi

Ukiiacha lami na kuelekea magharibi, njia ya Sepuka na zaidi hadi upande wa Mgungira kwenye bonde la Wembere, ardhi kwa jumla hushuka. Kwa hiyo kwenda ni rahisi na kurudi ni kupanda. Mtego ni uleule wa upepo, ila safari hii umewekwa na ardhi yenyewe. Mchanga mlaini huizamisha tairi, na mota hulazimika kuchimba wakati wote. Masika, udongo mweusi wa mbuga hushika magurudumu na kujaa chini ya madigadi. Katika njia za namna hiyo usishangae betri ikikufikisha nusu ya umbali wa lami. Panga safari hizo peke yake. Usiziingize katika wastani wa safari za lami, kwani wastani huo utakudanganya kotekote.

Kiswahili kimeupa upepo wa angani na upepo wa tairi jina moja, na betri inavihesabu vyote viwili. Tairi laini kwenye lami hula umeme kila kilomita bila kelele. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi au kwenye kitabu cha chombo, na upime walau mara moja kwa wiki, asubuhi tairi likiwa la baridi. Fundi anayebonyeza kwa kidole gumba hajapima.

Mwenye baiskeli ya umeme

Baiskeli inahitaji maneno machache ya peke yake, kwa sababu ina mota mbili: ile ya umeme na miguu yako. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kazi yote huhitaji wati 100 hivi, na mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa sehemu kubwa ya hizo kwa muda mrefu. Betri ya Wh 360 ikisaidiwa na kanyagio hutumia takriban Wh 9 kwa kilomita na kufika 40. Mpanda baiskeli huyohuyo akikaa kama abiria na kushika resi tu, hutumia 18 na kuishia kwenye 20. Tumia umeme kuondokea, kupandia mlima na kupigania upepo. Kwingine kanyaga. Na kabla hujanunua, ipande ikiwa imezimwa kabisa: baiskeli ambayo haiwezi kupandika bila umeme itakuwa mzigo siku betri itakapokwisha.

Kioo kinaposema uongo

Kioo cha chaji katika vyombo vingi vya bei nafuu hakipimi umeme uliobaki. Hupima volti na kukisia. Volti hushuka unapovuta resi na hupanda unaposimama. Ndiyo sababu mlimani kioo huonyesha asilimia 20 na ukipumzika kinaonyesha 35. Namba ya kuamini ni ile ya baada ya kusimama dakika chache. Isitoshe, kwa betri nyingi za lithiamu, hasa zile za fosfeti ya chuma, volti hubaki karibu palepale kwa sehemu kubwa ya safari kisha huanguka ghafla mwishoni. Asilimia 20 za mwisho huisha upesi kuliko 20 za mwanzo. Kwa sababu hiyo tunashauri asilimia 20 zihesabiwe kuwa hazipo. Ni akiba ya dharura.

Ukiitoa akiba hiyo, zinabaki 80 za kugawa. Rudi kwenye mfano wetu: kwenda Wh 30, kurudi Wh 50. Asilimia 30 ni za kwenda na 50 ni za kurudi. Dereva huyo, akitaka kurudi kwa mwendo wa 60, anapaswa kugeuza kioo kikiwa bado kinasoma 70. Anayesubiri 50 amechelewa, hata kama moyo wake unamwambia ana nusu nzima.

Gharama ya kuchaji nyumbani

Sehemu hii hutajwa kwa nadra dukani. Kuijaza betri ya Wh 2,880 kutoka tupu huchukua zaidi ya uniti tatu za LUKU, kwa sababu chaja hupoteza kiasi kama joto; weka uniti 3.3. Anayefanya bodaboda kila siku huongeza karibu uniti 100 kwa mwezi juu ya matumizi ya nyumba.

Katika jedwali la bei la mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, anayeitwa D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa kawaida, T1, hulipa 292. Juu yake huja kodi na tozo ambazo kwa jumla ni asilimia 22. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 40 ilikuwa ikilipa shilingi 4,000 kabla ya kodi. Ikiongeza pikipiki na kufika 140, uniti 75 za kwanza ni 7,500 na 65 zinazobaki ni 22,750, jumla 30,250. Ikihamishiwa T1, hulipa 40,880. Bado ni nafuu ukilinganisha na petroli: kilomita 40 kwa T1, kodi zikiwamo, hugharimu chini ya shilingi 600, na msomaji aweke bei ya leo ya lita moja ya petroli kando ya namba hiyo. Lakini ni fedha ambazo mwenye nyumba atazidai, na mpangaji anayechangia mita moja na majirani aongee nao kabla ya kuchomeka, si baada ya ugomvi. Bei hubadilika; soma risiti yako ya LUKU na uhesabu kwa bei ya siku hiyo.

Mwenye sola ya taa asitarajie makubwa. Paneli moja ya wati 100 kwa siku nzuri ya jua hutoa kiasi cha Wh 400. Kuijaza betri ya mfano wetu kungechukua siku nane, na usiku wote huo nyumba ingekuwa gizani.

Kuchakaa kwa betri

Umbali unaopata leo ni wa betri ya leo. Betri ya asidi kwa kawaida huvumilia mizunguko 300 hadi 500 ya kujaza na kumaliza. Ya lithiamu huvumilia zaidi, na ile ya fosfeti ya chuma inaweza kupita 1,500. Wapi utaangukia kati ya namba hizo kunategemea mazoea.

Betri ya asidi haipendi kukaa na njaa. Ijaze kila baada ya safari, hata safari ikiwa fupi, na usiiache pungufu usiku kucha. Betri ya lithiamu hupendelea kukaa katikati: kwa siku za kawaida ijaze hadi 80 au 90, ifikishe 100 siku ya safari ndefu tu, na usiiache ishuke chini ya 20 mara kwa mara. Ikiwa utaiweka bila kuitumia kwa wiki kadhaa, kwa mfano wakati wa kulima, ya lithiamu iache kwenye nusu na uiangalie kila mwezi. Ya asidi iache imejaa. Tumewahi kuona ushauri wa aina moja ukipewa wanunuzi wa aina zote mbili, na mmoja wao lazima aharibikiwe.

Joto ni adui wa zote. Usichaji mara tu unapofika. Subiri nusu saa betri ipoe. Stoo ya bati isiyo na dirisha, mchana wa Oktoba, si mahali pa kuchajia. Wala ukumbi wenye mlango pekee wa kutokea si mahali pake, kwa sababu ya moto. Tumia chaja iliyokuja na chombo au ya volti na aina ileile, usichaji wakati wote mmelala, na betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyozama majini usiichomeke tena. Ikianza kutoa moshi, toka nje na watu wote, kaa mbali na moshi huo, piga 114 uwapate Zimamoto.

Daftari la wiki mbili

Namba zako utazipata kwa daftari na kalamu. Kwa wiki mbili, kila unapotoka andika asilimia na kilomita za kioo; kila unapofika andika tena, baada ya kusimama dakika chache. Tenganisha kwenda na kurudi. Andika mzigo kwa neno moja (mtu, gunia, tenga, bure), njia (lami, mchanga, tope) na upepo (nyuma, mbele, hakuna). Kisha tafuta kilomita ngapi unapata kwa kila asilimia 10 katika kila hali. Utakuta hali moja inayokula kuliko nyingine zote. Safari zako ndefu zipange kwa namba ya hali hiyo. Rudia zoezi kila baada ya miezi sita katika njia ileile. Kilomita kwa asilimia 10 zikipungua, umekwisha kuona uchakavu ambao kioo hakikuonyeshi.

Daftari hilo lina kazi ya pili. Muuzaji akikuambia "inakwenda kilomita 100", mwombe aandike namba hiyo kwenye risiti au kwenye karatasi ya udhamini, pamoja na Wh za betri, aina yake, uzito wa dereva na mwendo ambao namba hiyo inahusu. Uliza udhamini wa betri unasemaje: ni miezi mingapi, na betri ikishuka chini ya asilimia ngapi ya ujazo itabadilishwa, na nani ataipima. Udhamini wa "mwaka mmoja" usiotaja ujazo humlinda muuzaji. Omba kukijaribu chombo kwenye njia yako, au walau kwa kilomita 10 za kwenda na 10 za kurudi, na mtu nyuma.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, uwezo au matumizi ya bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Shaka kuhusu ubora wa betri au chaja yenyewe hupelekwa Shirika la Viwango, TBS. Anza kwa muuzaji, kwa maandishi, ukibaki na nakala. Malalamiko yanayosema "haifiki mbali" ni rahisi kuyapuuza. Yanayosema kwamba betri ya Wh 2,880, iliyonunuliwa tarehe fulani na kudhaminiwa kwa asilimia 80 kwa miezi 24, imefika kilomita fulani katika safari 14 zilizoandikwa, dereva akiwa peke yake kwa mwendo wa 40, yana kitu cha kujibiwa. Ambatisha nakala ya kurasa za daftari, ya risiti na ya udhamini, na picha ya kibao cha betri yenye namba zake ikionekana wazi.